Mtoto wa Miezi Minne Anapoacha Kulala Usiku: Kutambua Sababu kwa Kusoma Saa Anazoamka

Wazazi wengi wa Nairobi hulalamikia jambo moja mtoto anapokaribia miezi minne: mtoto aliyekuwa ameanza kulala muda wa saa nne au tano mfululizo sasa huamka kila baada ya saa moja akilia, na nyumbani hakuna anayejua kwa nini. Ugumu ni kwamba mambo mengi huwa yamebadilika kwa wakati mmoja. Chanjo za wiki ya 14 zimetoka kutolewa. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama, imekwisha na mama amerudi kazini. Yaya mpya amefika, au mtoto ameanza kupelekwa kwa mama anayelea watoto mtaani. Na ndani ya ubongo wa mtoto, usingizi wenyewe unaundwa upya. Kila mmoja katika familia huchagua sababu moja na kuishikilia: nyanya husema mtoto hashibi, baba husema ni chanjo, mama hujilaumu kwa kurudi kazini, na yaya hulaumiwa na wote.

Njia yenye manufaa zaidi ni kuanza na dalili, yaani saa ambayo mtoto huamka, namna anavyolia na kinachomtuliza, kisha kurudi nyuma hadi kwenye sababu. Mtoto anayeamka saa tatu usiku, dakika 50 baada ya kulazwa, hana tatizo moja na yule anayelala vizuri hadi saa kumi alfajiri ndipo akaamka, na hatua inayomfaa mmoja yaweza kumwongezea mwenzake tabu. Kwa hiyo, kwa siku tatu mfululizo, andika kwenye simu au daftari saa aliyolala, jinsi alivyolala (kwenye titi, mgongoni, mkononi au kitandani), kila saa aliyoamka, na ulichofanya hadi akalala tena. Siku tatu zinatosha, na bila maandishi hayo mzazi aliyechoka hukumbuka usiku mbaya zaidi pekee.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ahesabiwe umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyetangulia kwa wiki sita atafikia mabadiliko haya wiki sita baadaye, na si vyema kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Kinachobadilika ndani ya usingizi

Mtoto mchanga ana aina mbili tu za usingizi: ule wa kuchezacheza, ambapo macho hutembea chini ya kope, midomo hutabasamu na mikono hurukaruka, na ule mtulivu ambapo mwili hulegea kabisa. Anapolala huanza na ule wa kuchezacheza, na karibu nusu ya usingizi wake wote huwa wa aina hiyo. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano mpangilio huo huvunjika na mwingine kujengwa mahali pake: usingizi mtulivu hugawanyika katika hatua, kuanzia nyepesi hadi nzito, na mtoto sasa huingia usingizini kupitia hatua nyepesi kama afanyavyo mtu mzima. Mzunguko wake mmoja huchukua takriban dakika 50 hadi 60, ilhali wa mtu mzima huchukua takriban dakika 90, na kila mzunguko unapomalizika mlalaji huzinduka kidogo. Sisi watu wazima huzinduka vivyo hivyo mara kadhaa kila usiku, tukajigeuza, tukavuta blanketi na asubuhi tusikumbuke lolote. Mtoto wa miezi minne bado hajajifunza kuvuka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine bila msaada.

Katika miezi hiyo hiyo saa ya mwili huanza kufanya kazi. Melatonini, homoni ambayo ubongo huitoa giza linapoingia, huanza kufuata mdundo wa usiku na mchana kati ya mwezi wa pili na wa nne hivi, kwa hiyo mwanga ambao haukumsumbua alipokuwa na wiki tatu sasa una nguvu juu yake. Hata jumla ya usingizi hupungua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza saa 14 hadi 17 kwa siku kwa watoto walio chini ya miezi minne, na saa 12 hadi 16 kuanzia miezi minne hadi 11, usingizi wa mchana ukiwa umejumlishwa. Mabadiliko haya ni ya kudumu. Mzazi asingoje usingizi wa zamani urejee. Kinachotakiwa ni kumsaidia mtoto auzoee huu mpya, na kwa watoto wengi kipindi kikali huchukua wiki mbili hadi sita.

Kwanza ondoa ugonjwa

Kabla ya kulaumu ukuaji, mwangalie mtoto. Mtoto anayekataa kunyonya kabisa, anayetapika kila anachonyonya, aliyepata degedege, au aliyelegea kiasi cha kutoamshika kwa urahisi anapaswa kufikishwa hospitalini usiku huo huo, bila kungoja mapambazuko. Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi mitatu ni jambo la dharura hata akionekana mchangamfu. Kwa kupumua, mpandishe nguo hadi kifua kionekane, subiri atulie, kisha hesabu pumzi kwa dakika moja kamili ukitazama saa: mtoto wa miezi miwili hadi 12 anayepumua mara 50 au zaidi, au ambaye sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani anapovuta pumzi, huenda ana nimonia na anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya mara moja. Katika baridi ya Juni hadi Agosti mazoea ya kuita kila kikohozi mafua tu yamewachelewesha watoto wengi.

Kuhusu chanjo, homa ndogo na usumbufu wa siku moja au mbili baada ya sindano za wiki ya 14 ni jambo la kawaida. Ikiwa wiki imepita na mtoto angali anaamka kila saa, chanjo haihusiki tena, na ni vyema kuiondoa kwenye mazungumzo ya familia ili isije ikawa sababu ya kutorudi kliniki.

Anaamka kila baada ya saa moja, na hutulia mara tu akibebwa au akipewa titi

Hii ndiyo sura halisi ya usingizi unaokomaa. Maandishi ya usiku huonyesha jambo kama hili: alilala saa mbili na dakika 20 akinyonya, akaamka saa tatu na dakika 10, akanyonya dakika tatu, akalala, akaamka tena saa nne na robo, na hivyo hivyo hadi asubuhi. Zile dakika tatu ni ushahidi mkubwa. Mtoto mwenye njaa hunyonya kwa nguvu, humeza kwa sauti inayosikika, na huendelea muda mrefu. Anayetafuta njia ya kurudi usingizini hunyonya mara chache, taya ikalegea, na titi likateleza mdomoni. Mtu aliyesinzia kwenye matatu karibu na nyumbani akazinduka katika kituo asichokijua hushtuka kabla hata hajafikiri; mtoto aliyelala kifuani pa mama akazinduka peke yake kwenye godoro baridi hushtuka vivyo hivyo, na hulia ili arudishiwe mazingira aliyoyaacha alipofumba macho.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika mwanzoni mwa usiku, katika namna anavyolala mara ya kwanza, kwa sababu wakati huo usingizi humsukuma zaidi kuliko saa nyingine yoyote. Msitishe kunyonya pale kumeza kunapokoma, kabla hajapitiwa kabisa, mbeulishe, kisha mlaze macho yakiwa mazito lakini bado yamefumbuka kidogo, uweke kiganja kifuani pake na kumwimbia kwa sauti ya chini. Akilia, mbebe. Akitulia, mlaze tena. Siku za mwanzo huenda ukalazimika kurudia mara nyingi na mwishowe umnyonyeshe hadi alale, na hilo si kushindwa. Fanya tu jaribio hilo mara moja kila jioni na uache usiku mwingine uende ulivyozoea, kisha upime matokeo baada ya wiki nzima. Wazazi wengi hubadilisha mbinu kila baada ya usiku mmoja, na mtoto hapati nafasi ya kuzoea chochote.

Jambo la pili ni kungoja kidogo kabla ya kumgusa. Katika usingizi wa kuchezacheza mtoto huguna, hujinyonganyonga, hufungua macho na hata hulia mara moja au mbili huku angali amelala. Mzazi anayelala naye chumba kimoja, na katika nyumba nyingi za Nairobi chumba ni hicho kimoja, humwinua kwa sauti ya kwanza na hivyo kumwamsha mtoto ambaye hakuwa ameamka. Subiri dakika moja au mbili ukisikiliza. Kilio kikipanda, mshughulikie bila kuchelewa, gizani, bila kuzungumza naye sana na bila mwanga wa simu.

Wapo wanaoshauri mtoto aachwe alie hadi achoke. Kwa umri huu siungi mkono, kwani mtoto wa miezi minne bado ana haja ya kweli ya kunyonya usiku na hana njia nyingine ya kusema. Isitoshe, katika fleti ambayo jirani husikia hata kijiko kikianguka, mzazi hukata tamaa katikati ya kilio, na mtoto hujifunza kwamba huja kuchukuliwa akilia kwa muda mrefu zaidi.

Utaratibu wa jioni husaidia zaidi ya watu wanavyodhani, mradi ufuate mpangilio ule ule kila siku: kusafishwa, kupakwa mafuta, kubadilishwa nepi, taa kuzimwa, kunyonya, wimbo mmoja. Siku ambayo maji ya mfereji hayakuja, kitambaa chenye maji moto kidogo kinatosha.

Mchana hulala vizuri, usiku hataki kuliachia titi

Dalili hii huwapata hasa mama waliorudi kazini, na Nairobi huifanya kali kuliko miji mingi. Mama anayeishi Githurai hutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili asikwame kwenye Barabara ya Thika, na hurudi saa mbili usiku. Katikati hapo mtoto hunywa maziwa machache kwenye kikombe au chupa, hujiongezea usingizi mrefu wa mchana, na kumngoja mama. Usiku hunyonya kufidia siku nzima. Hana ugonjwa, na wala hajadekezwa. Amehamisha mlo wake hadi saa ambazo mama yupo.

Kuthibitisha ni rahisi. Muulize anayebaki naye, kwa upole na bila sauti ya mashtaka: «Dada, leo alikunywa saa ngapi, na alibakisha kiasi gani?» Yaya anayeogopa kulaumiwa atasema mtoto alimaliza yote, na hapo mzazi hupoteza chanzo chake pekee cha habari. Angalia pia nepi. Mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa siku na ambaye uzito wake unapanda vizuri kwenye chati ya kijitabu cha kliniki anapata maziwa ya kutosha, hata kama anayapata usiku. Uzito ukisimama au mstari ukianza kulala, tatizo limevuka usingizi na kliniki inapaswa kuelezwa.

Marekebisho yanaanza mchana. Usingizi mmoja wa mchana usizidi muda wa saa mbili. Baada ya hapo aamshwe taratibu na kupewa maziwa. Anyonye vizuri kabla mama hajatoka na mara tu anaporudi, kabla ya mapishi na kabla ya wageni, katika chumba chenye utulivu, kwa maana mtoto wa umri huu amegundua dunia na hugeuza kichwa kila mlango unapofunguliwa. Televisheni ikiwa imewashwa, ataacha titi mara kumi na kuamka saa sita usiku akidai alichokiacha. Mwisho wa wiki, mama akiwepo, anyonyeshwe mara kwa mara mchana ili usiku upungukiwe na kazi.

Maziwa ya kukamua hudumu takriban saa nne nje ya friji na siku nne ndani ya friji. Stima ikipotea, friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa muda kidogo, kwa hiyo mwonye yaya asiifungue ovyo. Mama wengi hawajui kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Si kila ofisi imetimiza, lakini ombi lililoandikwa likiitaja sheria hupata jibu tofauti na ombi la mdomo kwenye ujia.

Hata baada ya yote haya, kunyonya mara moja hadi tatu usiku ni haki ya mtoto wa miezi minne, na kwa mama aliye kazini kunyonya huko ndiko kunakolinda maziwa yasipungue. Lengo ni kumtoa mtoto kwenye kunyonya mara saba, na kumnyima kabisa si sehemu ya mpango huu.

Kuna kitu kingine ambacho hakizungumzwi vya kutosha, nacho ni giza la mchana. Katika maghorofa yaliyosongamana ya Pipeline na sehemu nyingine za Embakasi, vyumba vingi huwasha taa hata saa sita mchana kwa sababu jengo la pili liko umbali wa mkono. Mtoto anayeshinda humo hapati mwanga wa kuiambia saa ya mwili kwamba ni mchana, kisha jioni hupata mwanga mkali wa taa na televisheni. Jua la Nairobi huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, neema ambayo wazazi wa nchi za mbali na ikweta hawana. Itumie: kila asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, yaya ampeleke mtoto juu ya paa, pale nguo zinapoanikwa, au barabarani mbele ya lango, kwa nusu saa, uso ukiwa kivulini na anga ikiwa wazi. Na kuanzia saa kumi na mbili jioni punguza taa.

Jioni hupigana na usingizi na kulia kwa hasira

Mtoto anayejipinda mgongo, anayesukuma titi na kulia kwa ukali kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu mara nyingi amepitisha wakati wake wa kulala. Katika miezi minne wengi hawawezi kukaa macho vizuri zaidi ya saa moja na nusu hadi saa mbili. Wakipitishwa hapo mwili hutoa homoni za kuwaamsha, na usingizi hugeuka vita. Usingizi wa mchana wa umri huu huwa mfupi, aghalabu dakika 30 hadi 45, kwa hiyo mtoto aliyeamka saa kumi jioni hawezi kungoja hadi saa mbili usiku.

Hapa kuna jambo linalouma, kwa kuwa baba au mama afikaye saa mbili anataka kumwona mtoto wake akiwa macho. Suluhisho ninaloliona la haki ni mtoto alazwe kidogo mgongoni pa yaya karibu saa kumi na moja na nusu, ili awe na nguvu ya kuwasubiri wazazi, kisha wakifika iwe ni kunyonya na kulala moja kwa moja, pasipo kumrusha juu na kumchekesha. Mchezo uhamie asubuhi.

Hulala vizuri hadi saa kumi, kisha hataki tena

Kufikia alfajiri mtoto amekwisha kulipa deni kubwa la usingizi na yuko katika hatua nyepesi, kwa hiyo kitu kidogo humtosha: adhana ya kwanza, honi ya matatu inayoita abiria wa kwanza, mlango wa jirani anayetoka kazini, au mwanga unaopenya. Pazia zito, hata leso mbili zilizoshonwa pamoja, na feni au redio isiyoshika stesheni, kwa sauti ya chini na mbali na kitanda, huzima mengi ya haya.

Baridi nayo huamsha. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 au 12, na sehemu kali zaidi ni kabla ya mapambazuko. Mvalishe tabaka moja zaidi ya unalovaa wewe, kisha pima kwa vidole nyuma ya shingo: ngozi iwe vuguvugu na kavu. Mikono baridi si kipimo. Shingo yenye jasho ina maana amezidishiwa nguo, kosa ambalo hapa kwetu ni la kawaida zaidi kuliko uchache wa nguo. Kofia ya sufu ivuliwe anapolala ndani, kwa sababu mtoto hupoza mwili kupitia kichwa. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye makaa yanayoungua, haina rangi wala harufu, na huua familia nzima ikiwa usingizini.

Huamka akiwa amejigeuza, au akipambana na shuka

Karibu mwezi wa nne watoto huanza kujiviringisha, na ubongo huendelea na mazoezi hata usiku. Mpe nafasi ya kutosha ya kulala kifudifudi mchana akiwa macho na akiangaliwa, ili apate ustadi huo mapema. Lakini kuna hatua moja isiyongoja: mtoto anayeonyesha dalili ya kujigeuza asifungwe tena kwa leso au shuka, kwa sababu akijigeuza mikono ikiwa imefungwa hawezi kuinua uso. Alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Kulala naye kitandani ni desturi ya nyumba nyingi. Hatari yake hupanda sana iwapo mzazi amekunywa pombe, anavuta sigara au ametumia dawa ya kusinzisha, iwapo mtoto alizaliwa kabla ya wakati, na zaidi ya yote iwapo wamelala kwenye kochi. Kama kuna nafasi ya kitanda chake kando ya cha mama, ndiyo salama zaidi.

Huamka akipiga yowe na kubebwa hakumtulizi

Kilio kinachoanza ghafla, kikali, kisichoisha kwa titi wala mgongo, hakifanani na cha usingizi unaokomaa. Akilia zaidi akilazwa kuliko akiwa wima, na kama alikuwa na mafua siku chache kabla, sikio linashukiwa. Pua iliyoziba humwamsha kila anapojaribu kunyonya. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kunyonya husaidia. Anayecheua mara kwa mara huku akijipinda na uzito wake haupandi aonwe na daktari, ilhali anayecheua kidogo na kutabasamu hana tatizo. Meno husingiziwa mengi: kwa kawaida jino la kwanza hutoka karibu mwezi wa sita, na homa ya nyuzi 38 si ya meno.

Kuhusu uji, asali na dawa za kumsinzisha

Mama mkwe atasema, kwa mapenzi ya kweli, «Mwanangu, huyu ana njaa, mkorogee uji mwepesi.» Kumjibu kwa heshima kunawezekana: «Asante, Mama, nimesikia. Kliniki wamesema maziwa peke yake hadi miezi sita. Nisaidie kumbeba jioni ndipo nipumzike.» Hapo umemkataza uji na kumpa kazi anayoiweza kuliko mtu yeyote. Uji haugusi kilichobadilika, kwa kuwa kilichobadilika kiko katika ubongo, na tumboni pa mtoto huyo huchukua nafasi ya maziwa yenye lishe zaidi. Asali isiguswe kabla ya mwaka mmoja kutokana na hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.

Dawa za mafua na za mzio zinazoleta usingizi zisitumiwe kumlaza mtoto. Zinaweza kudidimiza upumuaji wake. Mtoto anayerudi kutoka anakolelewa akiwa mzito kupita kawaida, akilala jioni nzima bila kuamka kunyonya, siku baada ya siku, anahitaji kupelekwa hospitalini, na mzazi anapaswa kuuliza wazi ni nini alichopewa. Vilevile, kabla ya kumwajiri yaya au kumkabidhi mtoto mtu yeyote, jambo hili lisemwe kwa maneno ya moja kwa moja.

Uchovu wa wanaomlea

Wiki sita za kuamka kila saa huvunja watu wenye nguvu. Wazazi wawili wagawane usiku kwa saa badala ya kwa matukio: mmoja ashike tangu saa tatu hadi saa nane, mwingine kutoka saa nane hadi asubuhi, na baba anaweza kumbeba, kumbadilisha nepi na kumleta kunyonya bila mama kuondoka kitandani. Mama anayelea peke yake atafute usiku mmoja kwa wiki wa dada, shangazi au rafiki wa kanisani au msikitini, na aombe waziwazi, kwa sababu watu wengi wako tayari lakini hudhani ameshapata msaada.

Ukihisi hasira inakupanda, mlaze mtoto chali mahali salama, funga mlango, nenda kwenye ujia dakika tano. Kilio cha dakika tano hakimdhuru. Kutikiswa mara moja kunaweza kumuua au kumpofusha. Na kama huzuni haiondoki hata siku mtoto anapolala, kama huwezi kulala ilhali yeye amelala, au kama mawazo ya kujidhuru au kumdhuru yanakujia, mweleze mtu wa karibu siku hiyo hiyo na uende kituo cha afya. Kliniki ile ile unayompeleka mtoto kupimwa uzito ina muuguzi wa kumwanzia, na sonona baada ya kujifungua ina matibabu ambayo hayamlazimishi mama kuacha kunyonyesha.